Acheni kuwakimbiza vijana wanaojifunza bibopu kwa gitaa

Kuna neno moja linalowavunja moyo vijana wa gitaa katika miji ya Kivu, na wanaolisema wanadhani wanasaidia. Neno lenyewe ni "Kimbiza!" Kijana ameketi juu ya bidoni la maji, gitaa kifuani, anatafuta wimbo wa Charlie Parker nota moja baada ya nyingine. Amefika katikati. Yaya mmoja anayejua kidogo anapita, anasikiliza sekunde kumi, anacheka. Huyu anapiga bibopu kama mama anayebeba mayai sokoni! Kimbiza, Parker hakupiga hivyo! Kijana anakimbiza, vidole vinagongana, wimbo unavunjika vipande. Majuma matatu ya namna hiyo yanatosha: gitaa linarudi kwa mwenyewe, na kijana anawaeleza wenzake kwamba jazi ni ya Wamarekani.

Yaya huyo amekosa. Amekosa juu ya Parker mwenyewe, na amekosa zaidi juu ya gitaa. Angekuwa peke yake lingekuwa jambo dogo, lakini siku hizi nyuma yake kuna jeshi zima la video za telefone, ambamo watu wa Ulaya na Marekani wanamwaga nota kama mvua juu ya bati, kisha wanauza masomo ya kujua kila kitu kwa siku chache. Mtoto wa Masisi au wa Rutshuru aliyeazima telefone ya shangazi yake anaona hayo, anajipima nayo, anajiona si kitu.

Kwa msikilizaji ambaye neno bibopu ni geni: ni aina ya jazi iliyozaliwa New York mwanzoni mwa miaka ya 1940, mikononi mwa wanamuziki weusi ambao wengi wao walikuwa bado vijana. Kabla yake orkesta kubwa zilipiga jazi ya kucheza dansi. Bibopu ilikuwa ya kuketi na kusikiliza. Fungu ni dogo, watu wanne au watano. Saksafoni na tarumbeta zinapiga wimbo pamoja, kisha kila mmoja anatunga papo hapo juu ya akordi zilezile. Wimbo wenyewe mara nyingi hauna maneno. Ni mstari mrefu wa nota unaopanda na kushuka, unaokatika pale usipotegemea, na una ujanja mmoja unaorudi kila mara: kabla ya kuikalia nota inayotakiwa, unaizunguka kwanza, unapita juu yake kidogo, unapita chini yake kidogo, ndipo unatua. Anayeusikia mara ya kwanza kwa kasi anasema ni vurugu. Anayeusikia polepole anasikia mtu anayebisha hodi kabla ya kuingia ndani.

Wale wa "kimbiza" wana historia wanayopenda kuisimulia, na si ya uongo. Katika mtaa wa Harlem, barabara ya 118, kulikuwa na klabu iliyoitwa Minton's Playhouse. Thelonious Monk alikuwa mpiga piano wa nyumba, Kenny Clarke alikuwa kwenye ngoma, na usiku, baada ya kazi za kulipwa kwisha, wanamuziki walikuja kupimana nguvu. Inasimuliwa kwamba wenyeji waliongeza kasi na kubadilisha akordi makusudi, ili asiyeweza ashuke jukwaani mwenyewe bila kufukuzwa. Kasi ilikuwa mlango, na mlango ulikuwa na bawabu. Basi, wanasema, ukiondoa kasi umeondoa bibopu.

Umeondoa bawabu tu. Mlango ule uliwekewa watu waliokuwa wanakula kwa muziki, waliokwisha kupiga miaka mingi katika orkesta za dansi. Haukuwekewa mtoto mwenye majuma matano ya gitaa. Na Parker mwenyewe aliwahi kugongwa na mlango wa namna hiyo. Mwaka wa 1936 huko Kansas City, akiwa bado kijana mdogo, alipanda jukwaani kati ya watu waliomzidi, akapotea katikati ya wimbo, na mpiga ngoma Jo Jones akamtupia toazi miguuni, ile sahani ya shaba ya ngoma, mbele ya watu wote. Kila mpenda jazi anaijua hadithi hiyo, na wengi wanaishia hapo, wakicheka. Kinachofuata ndicho chenye faida. Mwaka wa 1937, wakati wa joto, Parker alikwenda kufanya kazi na orkesta moja katika milima ya Ozark, akabeba santuri za Count Basie zenye solo za Lester Young, na akazishika nota kwa nota. Lester Young ni mtu aliyesifika kwa utulivu, aliyepiga kana kwamba amekaa kwenye kiti cha nyuma ya nyumba jioni. Baadaye, katika mahojiano ya mwaka wa 1954, Parker alisema kwamba kwa miaka mitatu au minne alifanya mazoezi saa 11 hadi 15 kwa siku.

Saa 15! Hakuna mtu anayekimbia saa 15 kwa siku. Anayekaa na ala muda huo wote anatembea, anasimama, anarudi nyuma, anatembea tena. Kasi ambayo dunia iliisikia mwaka wa 1945 ilikuwa mavuno ya kutembea huko, na wale wanaomwonyesha kijana mavuno bila kumwonyesha shamba wanamdanganya.

Tena kuna tarehe moja inayofaa kuandikwa ukutani katika kila chumba cha mazoezi: 26 Novemba 1945. Siku hiyo Parker aliingia studio huko New York kwa ajili ya kampuni ya Savoy. Alirekodi Ko-Ko, inayokwenda kwa mapigo karibu 300 kwa dakika. Ukiweka nota mbili katika kila pigo, ni nota 10 kwa sekunde moja. Ndio wimbo ambao watu wa kimbiza wanautumia kama fimbo. Lakini siku ileile alirekodi pia Now's the Time, blues ya vipimo 12, kwa mwendo usiofika hata nusu ya ule. Ni mwendo wa mtu anayekwenda kazini na bado ana muda. Mbona hakuna anayemwambia Parker akimbize hapo? Mwaka wa 1948 akarekodi Parker's Mood, blues ya polepole kabisa, na wanaoijua jazi wanaiweka kati ya kazi zake bora. Mtu mmoja, vidole vilevile. Alichagua mwendo kufuatana na wimbo, na wimbo ukimwambia tembea, alitembea.

Now's the Time ina kisa kingine. Mwishoni mwa 1948 mpiga saksafoni Paul Williams alirekodi The Hucklebuck, ambayo wimbo wake unafanana mno na ule wa Parker, ila umewekewa mdundo mzito wa dansi. Mwaka wa 1949 ikafika namba ya kwanza katika orodha ya santuri za Wamarekani weusi. Watu waliokuwa wanaikimbia bibopu kwa kusema haieleweki walikuwa wanaicheza usiku kucha bila kujua. Jina la Parker halikuandikwa kama mtunzi, na hiyo ni dhuluma ya kuzungumzwa siku yake.

Na gitaa? Gitaa lilikuwepo tangu mwanzo. Charlie Christian, aliyekulia Oklahoma City, aliingia katika fungu la Benny Goodman mwaka wa 1939, wakati gitaa la umeme lilikuwa bado kitu cha kushangaza. Mwaka wa 1941 mwanafunzi mmoja mwenye mashine ya kurekodi alimnasa usiku akipiga Minton's, na santuri hizo zipo mpaka leo. Tarehe 2 Machi 1942 Christian alikufa kwa kifua kikuu. Alikuwa na miaka 25. Miezi michache baadaye, Agosti 1942, chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi, na baadhi ya makampuni makubwa yalikaa hadi 1944 bila kupata mapatano. Ndiyo sababu miaka ambayo bibopu ilikuwa inatoka kwenye yai imeacha santuri chache sana.

Huko Indianapolis kijana mmoja, Wes Montgomery, alisikia santuri za Christian, akanunua gitaa la umeme, akaanza kuzishika solo zile kwa sikio. Hakujua kusoma nota. Alikuwa na familia na kazi ya mchana. Usiku aliacha mediatori, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi, akapiga kwa kidole gumba ili asiwasumbue waliolala. Inasimuliwa kwamba kazi yake ya kwanza klabuni ilikuwa kupiga solo za Christian alizozijua; zikiisha, anashuka. Leo wapiga gitaa wa dunia nzima wanamwiga mtu aliyejifunza usiku, kwa sauti ya chini, baada ya kazi. Wakaaji wa kambi wanalielewa jambo hilo kuliko profesa yeyote. Jirani yuko upande wa pili wa turubai, mtoto wake amelala, na mwenye gitaa anajua kwamba akipiga kwa nguvu kesho hataazimwa hata chumvi.

Kuna jambo la ufundi ambalo yaya wetu wa kimbiza halifikirii. Nyimbo hizi hazikutungiwa gitaa. Nyingi zilitungwa na watu wa pumzi. Mpiga saksafoni anaunganisha nota tano kwa pumzi moja, na ulimi wake unagusa mahali pachache tu. Gitaa halina pumzi: kila nota inataka mkono wa kushoto na wa kulia vikutane wakati uleule, na vikichelewana kidogo tu nota inatoka na kikohozi. Halafu nota ileile ya katikati inapatikana kwenye nyuzi tatu, nne au tano za gitaa, na kila mahali ina sauti yake. Kwenye saksafoni kijana anaulizwa nota gani. Kwenye gitaa anaulizwa nota gani, uzi gani, kidole gani, na kidole hicho kitakwenda wapi baadaye.

Chukua Donna Lee, iliyorekodiwa Mei 1947. Akordi zake zinatoka kwenye wimbo wa zamani wa 1917 uitwao Indiana. Hati inamtaja Parker kuwa mtunzi. Miles Davis, aliyepiga tarumbeta siku ile akiwa na miaka 20, alidai ni yake. Kila mwanafunzi wa gitaa la jazi anaijua, na wengi wameumia juu yake. Kabla ya kupiga mstari wake wa kwanza kuna maamuzi mengi: kuanzia uzi gani, kuvuka wapi, nota ipi ipigwe na mediatori na ipi itolewe na kidole cha kushoto peke yake ili isikike kama imeunganishwa kwa pumzi. Maamuzi kama hayo hayafanywi mbioni. Anayekimbia anachukua njia ya kwanza ambayo vidole vimeizoea, na mara nyingi ni njia mbaya. Akiirudia mara 200, vidole vinaishika na ubaya wake wote, na siku mwalimu wa kweli atakapokuja, kazi ya kwanza itakuwa kubomoa.

Lakini hesabu ya polepole haitishi. Donna Lee ina vipimo 32 vya mapigo manne, yaani mapigo 128. Kwa mapigo 80 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua dakika moja na sekunde 36, na nota kwa wastani hazifiki tatu kwa sekunde. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuhesabu hivyo kwa sauti. Mlima ule unaotisha kwenye telefone, ukiusogelea kwa miguu, una njia.

Mwendo wa raha ni upi? Hapa pia kuna watu wa kusahihishwa, wale wanaodhani kwamba polepole maana yake ni kusinzia. Mwendo wa raha ni ule ambao nota inayofuata inasikika kichwani kabla kidole hakijaifikia. Mabega yameshuka. Mtu akipita akasalimia, unaitika na hupotei. Ukikosea mahali palepale mara mbili, umezidisha. Punguza, hata kama kaka yako anatazama. Kwa mmoja ni mapigo 60, kwa mwingine ni 110, na kwa huyohuyo mmoja wimbo mwepesi utakuwa 120 na wimbo wenye mawe utakuwa 55. Namba haina heshima wala aibu. Ni kama namba ya kiatu.

Kuna siri nyingine, na hii inawauma zaidi watu wa mbio. Katika jazi nota mbili zinazokaa ndani ya pigo moja si sawa. Ya kwanza ni ndefu kidogo, ya pili ni fupi, kama mwendo wa mtu anayetembea kwa madaha siku ya Jumapili. Kwenye kasi kubwa tofauti hiyo inakaribia kupotea. Nota zinalingana karibu kabisa. Kwenye mapigo 80 au 100 tofauti inasikika yote, na kila kosa linasikika nayo. Kasi inaficha mengi. Wapo wapiga gitaa wanaosifiwa mtaani ambao ukiwaomba vipimo vinane tu kwa mapigo 70, ghafula nyuzi ni mbaya, gitaa si lao, na wana mtu wa kuonana naye. Anayetaka kujipima achukue metronomu, iwe hata ya telefone, aiweke kwenye mapigo 40, na kila mlio auhesabu kuwa pigo la pili au la nne. Anakuwa anapiga kwa 80, na mashine inamsaidia nusu tu. Nusu iliyobaki ni lazima aibebe mwenyewe. Kwa wengi jaribio hilo linamaliza majivuno kwa dakika mbili.

Hoja moja ya upande wa pili si ya kudharauliwa. Wanasema: anayepiga polepole tu, miaka yote, hatafika popote, kwa sababu mkono unaokwenda polepole unajifunza miendo mikubwa ambayo haiwezekani kwenye kasi. Ni kweli. Mkono unaoruka juu ya nyuzi kama kuku utaweza kupiga kwa 70 na utakwama kwa 140. Dawa yake inajulikana: kupiga polepole kwa mwendo mdogo uleule ambao kasi itauhitaji, mediatori ikikaa karibu na uzi, vidole vya kushoto vikikaa karibu na mbao. Na mara mojamoja kuchukua nota nne au tano, si wimbo mzima, na kuzirusha kwa kasi kama mtu anayejaribu kama daraja litabeba, kisha kurudi. Hiyo ni tofauti kubwa na kumsukuma mtoto katika wimbo mzima asioujua. Mwenye kusema "jaribu nota hizi tano" anafundisha. Mwenye kusema "kimbiza" anapita njia.

Na telefone, ambayo inalaumiwa hapa, ina upande wake mzuri. Wakati wa santuri, waliotaka kusikia vizuri walipunguza mwendo wa mashine. Kulikuwa na mashine zenye mwendo wa mizunguko 16 na theluthi mbili kwa dakika, nusu kamili ya ile 33 na theluthi. Santuri ikizungushwa hivyo, muziki unakwenda nusu ya mwendo na sauti inashuka oktavu moja nzima, kwa hiyo majina ya nota yanabaki yaleyale. Walifanya hivyo bila aibu. Leo kifaa kilekile kinacholeta video za majivuno kinaweza kupunguza mwendo hadi nusu bila kushusha sauti. Anayejua kitufe hicho ana mwalimu mvumilivu. Tatizo ni kwamba wengi wanatumia telefone kutazama na si kusikiliza, na chaji inaisha kabla hawajashika hata vipimo viwili.

Watasema tena: Mukongomani ana kasi katika damu, sikiliza sebene. Hoja hii inapendwa sana makanisani. Lakini katika rumba, sebene haianzi. Rumba ya Franco au ya Docteur Nico inaingia kwa mwendo wa kutembea, waimbaji wanasema maneno yao, na sebene inakuja wimbo ukishakaa. Na kijana anayejifunza sebene katika kwaya anafundishwa namna gani? Anapewa kipande cha nota sita au nane, anakirudia jioni nzima nyuma ya mi-solo, mpaka anakipiga huku akizungumza na jirani. Hakuna anayemwita mvivu. Kijana huyohuyo akishika wimbo wa Parker, ghafula kanuni zinabadilika, anatakiwa kukimbia siku ya kwanza. Kwa nini? Kwa sababu bibopu ni ya wageni, na mbele ya mgeni watu wanapenda kujionyesha.

Hakuna deni la kujionyesha. Hapa nchini neno jazi liliingia katika majina kabla ya kuingia vidoleni. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza mwaka wa 1953, OK Jazz mwaka wa 1956, na zote zilikuwa mafungu ya rumba. Louis Armstrong alipofika Leopoldville mwezi wa Oktoba 1960 alibebwa juu ya kiti kama mfalme, na Armstrong ni mtu aliyewahi kuikosoa bibopu hadharani. Kwa upande wa gitaa, aliyewafanya watu wa mbali wakae chini na kusikiliza ni Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka wa 1952: gitaa moja lisilo na umeme, vidole vichache, na wasomi wa Ulaya wakaketi kuandika nota moja moja ili waelewe anachofanya. Waliandika polepole, bila shaka.

Sasa kuna jambo lililo zito kuliko ufundi, na linawahusu waliohama makwao. Mtoto aliyetoka Kitshanga kwa miguu mpaka Sake, na kutoka Sake mpaka Goma, ameshakimbia vya kutosha. Amebadilisha shule, au ameikosa. Gitaa si lake. Ni la kanisa, au la jirani, au la kijana mmoja anayeliazima kwa zamu. Hatapata kazi kwa Donna Lee, na asidanganywe. Lakini familia nyingi zinajua kinachotokea mtu anapopewa dakika kumi za kubeba vitu: gitaa linabaki. Aliyejifunza kwa mbio alikuwa na miendo ya vidole tu, na miendo hiyo bila mbao na nyuzi inapotea kwa mwezi mmoja au miwili. Aliyejifunza kwa mwendo wa raha, akiimba kila nota kabla ya kuipiga, ameondoka na wimbo wote. Anaweza kuuimba njiani. Anaweza kuufundisha kwa mtu mwingine bila gitaa. Siku akikutana na gitaa tena, vidole vina mahali pa kuuliza njia.

Kwa hiyo ukosefu wa magitaa, ambao kila mtu anaulalamikia kwa haki, haulazimishi watu wanne wamtazame mmoja anayekimbia. Kwa mwendo wa raha gitaa moja linatosha kwa wanne. Mmoja anapiga wimbo. Wa pili anauimba pamoja naye, kwa sababu kwa mapigo 80 koo la mtu yeyote linaweza kufuata. Wa tatu anapiga makofi kwenye pigo la pili na la nne, na hapo metronomu na chaji yake hazihitajiki. Wa nne anasikiliza tu, na ndiye mwenye haki ya kusimamisha na kusema: hapa umekosea. Kisha wanabadilishana. Kwa kasi ya Ko-Ko mpango huu hauwezekani, kwa kuwa wa pili hataweza kuimba, wa tatu atachoka, na wa nne hatasikia kosa.

Waanze na Now's the Time, si Donna Lee. Ina vipimo 12, na kipande kimoja kifupi kinarudiwa humo mpaka kinazoeleka. Kwa mapigo 80 mzunguko ni sekunde 36. Saa moja ya gitaa ikigawanywa kwa wanne ni dakika 15 kwa kila mmoja, na dakika 15 ni mizunguko 25. Yaya anayejua akordi za blues ya fa, badala ya kucheka, alete gitaa lake akae nyuma yao, apige akordi hizo kwa mwendo wanaoutaka wao. Na mwenye uwezo kidogo, asiyejua muziki hata kidogo, anunue nyuzi za akiba. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, ndio unaokatika kila mara, na mahali pengi gitaa zima linanyamaza mwezi mzima kwa kukosa uzi huo mmoja.